MUME NA MKE KATIKA SHAMBA MOJA

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri iliniagiza niandae maneno juu ya wajibu wa mume na wajibu wa mke katika nyumba za watu wetu wa Meru na Embu. Habari hii ni pana mno, na wamo humu wazee waliooza binti zao kabla mimi sijajua kushika kalamu. Kwa hiyo sitathubutu kumfundisha mtu namna ya kukaa na mkewe. Nitashika jambo moja tu, lile ambalo karani hukutana nalo mezani pake mara kwa mara: ni nani mwenye shamba, na ni nani mwenye jembe. Naomba mnivumilie mpaka nifike mwisho, kwani mwishoni nitaleta pendekezo, na pendekezo lenyewe linagusa kanuni za chama hiki.

Husemwa mara nyingi kwamba mila zetu zilimpa mwanamume kila kitu na mwanamke hazikumpa kitu. Wasemao hivyo ni watu wa namna mbili: wale wanaotaka kuzitupa mila, na wale wanaotaka kuzitumia ili wasigawane na mtu. Wote wawili wamekosea.

Katika desturi ya zamani ardhi haikuwa mali ya mume peke yake, wala ya mke peke yake. Ilikuwa ya ukoo, na mtu ambaye babu yake alifyeka msitu mahali fulani aliitunza kwa ajili ya wazawa wake. Mke alipoletwa nyumbani aligawiwa sehemu yake ya kulima, na sehemu hiyo ikawa ya nyumba yake. Wana wa nyumba hiyo ndio walioirithi, wala mume mwenye wake wawili hakuweza kumega shamba la mmoja akampa mwingine pasipo maneno makali kuzuka na wazee kuitwa. Kazi nazo ziligawanywa. Mwanamume alifyeka, akapanda viazi vikuu, migomba na miwa, akatundika mizinga ya nyuki. Mwanamke alipanda wimbi, mtama na maharagwe, akapalilia, akavuna, na mavuno yake yakaingia katika ghala lake mwenyewe. Wazee mliopo mwajua ya kuwa mume mwenye adabu hakuchungulia ndani ya ghala la mkewe. Alipotaka nafaka kwa ajili ya wageni wake, aliomba. Hata huko Meru wanawake walikuwa na baraza lao, kiama gia ntonye, lililoangalia mambo ya wasichana na ya uzazi, na mwanamume hakuliingilia.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa peponi. Mwanamke hakuketi katika Njuri Ncheke. Mjane aliweza kurithiwa na shemeji yake apende asipende, na binti hakutazamiwa kupata ardhi kwa baba yake. Lakini palikuwa na mpaka, na mpaka huo ulijulikana bila kuandikwa: hiki ni cha mume, hiki ni cha mke, na hiki ni cha ukoo ambacho hakuna awezaye kukiuza. Kinachotusumbua leo si mpaka huo. Kinachotusumbua ni kwamba mpaka ulifutwa, na waliofuta hawakuchora mwingine.

Ulifutwa na kalamu. Wamethodisti walijenga Kaaga mwaka 1912, na Daktari Irvine akaanza kazi Chogoria mwaka 1922. Katika shule za misioni kama hizo baba zetu na babu zetu walijifunza kusoma, na mimi mwenyewe ni tunda la shule hizo, siwezi kuzisema vibaya. Walakini mvulana ndiye aliyetumwa shuleni kwanza, na dada yake akabaki na mtungi wa maji na mdogo wake mgongoni. Basi serikali ilipohitaji kuandika majina, aliyejua kuandika alikuwa mwanamume, na aliyeandikwa alikuwa mwanamume. Kahawa iliporuhusiwa kulimwa na Waafrika wa Meru na Embu katika miaka ya 1930, kwa miti michache na kwa kibali, kibali kiliandikwa kwa jina la mume. Hakuna aliyeona ajabu. Kahawa ni mti, na miti ilikuwa kazi ya wanaume tangu zamani. Ila kupalilia chini ya mti huo, na kuchuma, na kubeba mpaka kiwandani, kukawa kazi ya mke, na kazi hiyo haikuandikwa popote.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, tangu mwaka 1952 hadi 1960. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa kizuizini, au msituni, au katika kazi za serikali mbali na nyumbani. Aliyelima, aliyelisha watoto, aliyechimba matuta kwa amri ya chifu, alikuwa mama. Na katika miaka hiyo hiyo ndipo ulipoletwa mpango wa Bwana Swynnerton, uliotolewa mwaka 1954, wa kuunganisha vipande vya ardhi na kumpa kila mwenye shamba hati yake. Kazi hiyo ilianza Kikuyu, ikafika Embu na Meru mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960. Mbeere na Tharaka zilichelewa, zikafuata chini ya sheria ya mwaka 1968, na kesi za koo zilizotokana na kazi hiyo mwazijua. Karani wa ardhi alipofika na daftari lake hakuuliza ni nani aliyelima. Aliuliza jina la mwenye boma.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilikamilisha jambo hilo. Ilimfanya yule aliyeandikwa kuwa mwenye mali kamili, awezaye kuuza, kuweka rehani na kugawa. Yule aliyekuwa mtunzaji kwa niaba ya nyumba na ukoo akawa mwenyewe, peke yake. Sidhani kama wazee wetu wa wakati ule walikusudia hivyo. Walidhani wanaandika jina la mlinzi, na kumbe waliandika jina la bwana.

Tangu hapo, ndugu wanachama, twaweza kuona jambo lile lile likijirudia: kila kitu kinapogeuka kuwa fedha, huhama mkono. Chama cha ushirika cha kahawa humlipa mwanachama, na kwa muda mrefu mwanachama alikuwa yule mwenye hati. Chai vivyo hivyo. Wenzetu wa Kinoro na Githongo, wa Mungania na Rukuriri, mwajua habari za mwezi wa bonasi. Mke amechuma majani tangu alfajiri mwaka mzima, kikapu mgongoni, vidole vyeusi. Fedha zinaingia katika akaunti ya mume. Kuna waume wanaorudi nyumbani na mabati na karo ya shule, na Mungu awabariki, nao si wachache. Na kuna wale ambao mwezi huo huonekana mjini tu, na wenye nyumba za wageni huwajua kwa majina kuliko watoto wao. Mmecheka, lakini wako wanaocheka humu huku wakitazama chini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mishiri, yale maharagwe mabichi yapelekwayo Ulaya kwa ndege. Mboga ilikuwa kazi ya mwanamke, na bustani ya mboga ilikuwa yake. Mtafiti mmoja aitwaye Catherine Dolan alikaa huku Imenti katika miaka ya 1990 akachunguza zao hilo, na miaka hiyo hadi leo si mbali, wengi wenu mlikuwapo. Alieleza kwamba mishiri ilipoanza kuleta fedha nzuri, waume waliingia. Wengine walichukua bustani, wengine wakachukua malipo tu na kumwachia mke kazi. Mikataba ya wanunuzi ilikuwa kwa majina ya waume, kwa kuwa mnunuzi alitaka mtu mwenye ardhi. Na wake walifanya nini? Baadhi yao walipunguza bidii katika shamba la mume. Wengine walikimbilia makanisa ya wokovu, wakapata faraja na marafiki. Na ukavuma uvumi, ambao wazee wa Imenti hamjausahau, wa wake kuwalisha waume dawa za kuwapumbaza. Kama uvumi huo ulikuwa wa kweli au la, sijui kama ni kazi ya karani kuamua. Ila nyumba ambayo mume anaogopa uji wa mkewe ni nyumba iliyokwisha kuvunjika, hata kama paa lingali juu.

Sasa nageukia sheria, kwani wengi wetu twafuata sheria ya mwaka 1963 vichwani hali imekwisha kufutwa.

Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 ikaanza kutumika mwaka 1981. Kwa sheria hiyo, mtu akifa pasipo wosia, mjane hukaa katika mali kwa maisha yake, na watoto hugawana, wa kiume na wa kike. Ziko wilaya kadhaa zilizotolewa katika sheria hiyo ili ardhi yao ya kilimo na mifugo yao vifuate mila, nazo ni za wafugaji, kama Turkana, Marsabit, Isiolo na nyinginezo. Meru na Embu hazimo. Nalisema hili taratibu, kwa sababu nimesikia mzee akilieleza kinyume barazani, na watu wakaitikia. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Rono, iliamua kwamba binti hawezi kupunguziwa fungu kwa sababu ya kwamba ataolewa. Katiba ya mwaka 2010 ikasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na wakati wa kuachana, na katika habari ya ardhi ikataka mila za ubaguzi ziondolewe. Na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya mjini Meru ilitamka kwamba kile kipengele cha kumwondolea mjane haki yake anapoolewa tena ni ubaguzi, kwa kuwa mume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo.

Mtu atasema: ikiwa sheria ni hizo, karani anatusumbua kwa nini? Mwanamke aende kortini. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu, na naomba nikae hapo kidogo.

Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Echaria, ilisema kwamba kazi ya mke nyumbani haiwezi kuhesabiwa kuwa mchango katika mali. Wanawake wengi waliondoka mikono mitupu kwa uamuzi huo. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Ndoa, mwaka 2013, nayo ikageuza jambo hilo. Sasa mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara ya nyumba, na kazi ya shamba. Kazi ya shamba imetajwa kwa jina lake! Walakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kila mmoja hupata kwa kadiri alivyochangia. Na tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Upeo, mahakama iliyo juu ya zote, iliamua kwamba usawa wa Katiba hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Katika shauri lenyewe wale wawili walipata nusu kwa nusu, lakini msingi uliowekwa ni huu: kila mmoja athibitishe alichochangia.

Athibitishe kwa nini? Mume ana hati ya shamba, ana kadi ya ushirika, ana karatasi za benki, ana risiti ya saruji. Nani kati ya mama zetu ana risiti ya kupalilia? Nani ameandikiwa stakabadhi ya miaka 30 ya kubeba kahawa? Watakaomtolea ushahidi ni majirani, na majirani ni ndugu za mume. Hivyo sheria imemfungulia mlango, nasi twalala na ufunguo chini ya mto. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi, niliyeishi kwa madaftari, naona ya kuwa mali ya mwanamke wa kwetu ndiyo mali isiyo na daftari.

Nchi jirani wamelitazama jambo hili. Nchini Ethiopia, serikali ilipogawa vyeti vya ardhi mashambani katika miaka ya 2000, katika sehemu kadhaa cheti kilibandikwa picha ya mume na picha ya mke. Rwanda nayo, katika kazi kubwa ya kuandika mashamba iliyoanza mwaka 2009, iliandika majina ya wote wawili waliooana kisheria. Mbingu haikuanguka. Wanaume wa huko wangali wanaitwa wenye nyumba.

Nazijua hoja za upande mwingine, kwa kuwa nimezisikia katika mikutano yetu wenyewe, na baadhi yake ni za haki.

Ya kwanza ni kwamba mke akiandikwa atauza shamba la ukoo. Huu ni woga wa kweli, ila umeelekezwa pasipo. Mashamba ya kwetu yaliyouzwa usiku, tukaamka na kukuta mgeni anapima mipaka, yaliuzwa na nani? Na yaliwezekana kuuzwa kwa nini, kama si kwa kuwa sahihi moja ilitosha? Majina mawili yakiwa katika hati, hakuna mmoja awezaye kuuza bila mwenziwe. Hata sasa sheria ya mwaka 2013 yataka idhini ya mume na mke kabla mali ya ndoa haijauzwa wala kuwekwa rehani, na bodi ya ardhi humwita mke aulizwe. Lakini sote twajua kuna wanaokodi mwanamke wa kusimama mbele ya bodi. Jina lililoandikwa halikodiwi.

Ya pili ni ya wazee wenye wake zaidi ya mmoja, nao wana haki ya kujibiwa bila dhihaka. Sheria yasema kwamba mali waliyoipata mume na mke wa kwanza, kabla ya kuja wa pili, ni yao wawili kwa usawa. Ile iliyopatikana baadaye ni ya wote kwa kadiri ya michango. Tena kuna namna mbili za kuandikana. Katika namna moja, mmoja akifa anayebaki huchukua lote. Katika namna ya pili kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, na akifa fungu lake huenda kwa warithi wake. Mzee mwenye nyumba mbili yafaa achague namna ya pili. Na akitafakari ataona kwamba huko ni kurudi kwa desturi ya zamani, kila nyumba na sehemu yake.

Hoja ya tatu husemwa na vijana: kwamba wanawake wamekwisha kupewa kila kitu, mikopo na vyama, na kijana wa kiume ameachwa na muguka na pombe. Sitaipuuza. Ni kweli wavulana wetu wako taabani, na mama wa chama cha kuweka na kukopa ana akiba kuliko mumewe. Lakini kijana huyo hatainuliwa kwa kumnyima dada yake. Hilo ni somo la siku nyingine, na ningependa Halmashauri iliweke katika ratiba ya mwaka ujao.

Mwaka 2022 kaunti zetu mbili, Meru na Embu, zilimchagua kila moja mwanamke kuwa gavana, na yaliyofuata Meru mpaka mwaka 2025 mwayajua. Chama hiki si cha siasa, wala sitayaamua. Nashangaa tu kwamba watu walioweza kumkabidhi mwanamke kaunti nzima wanasita kuandika jina lake katika hati ya ekari tatu.

Basi nije kwetu. Chama chetu ni cha kusaidiana katika matanga, ugonjwa na shida. Kadi ya mwanachama ina jina moja, na kwa nyumba nyingi ni jina la mume. Walakini michango, niionapo ikiingia, aghalabu hutoka katika simu ya mke. Yeye ndiye anayekumbuka tarehe, na yeye ndiye anayeuza maziwa ili itimie. Katika safu ya mrithi wanachama wengi wameacha pengo, na wengine wameandika jina la kaka yao. Alikuwako mjane mmoja, sitamtaja, aliyetuma mchango wa nyumba yake kwa miaka mingi bila kukosa mwezi. Mumewe alipofariki fedha za matanga zilitolewa kwa shemeji, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa katika safu. Hakuna aliyevunja kanuni. Mhazini alifuata kitabu. Mjane alikuja ofisini siku ya tatu akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu alichosahau kulipa.

Hilo ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu.

Kabla sijasoma pendekezo, neno moja juu ya namna ya kulipitisha. Mwezi wa Aprili mwaka 1956 Njuri Ncheke walikutana, wakapiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru. Leo ukeketaji umekatazwa na sheria ya mwaka 2011, nami naunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Lakini amri ya mwaka 1956 iliamuliwa na wanaume, wazee pamoja na maofisa wa serikali ya kikoloni, katika jambo ambalo kwa desturi lilikuwa mikononi mwa wanawake, na wanawake hawakuulizwa. Mlisikia yaliyotokea. Wasichana waliingia vichakani wakakatana wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Kati ya mwaka 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri hiyo. Bibi zetu wengine wako hai ambao walitozwa faini wakiwa watoto. Jambo jema lililoamuliwa bila wahusika liligeuka kuwa vita kati ya baba na binti.

Kwa hiyo naomba, Bwana Mwenyekiti, pendekezo hili lisipigiwe kura na wanaume kwanza. Mama zetu waliomo humu wapewe nafasi ya kuketi peke yao kwa muda wa saa moja, walijadili, walirekebishe wapendavyo, na msemaji wao alirudishe hapa. Yawezekana watasema hawalitaki, au wanataka jingine. Hiyo ni haki yao.

Pendekezo lenyewe ni hili. Kwamba kadi ya chama iwe na majina mawili, la mume na la mke, nao wahesabiwe wanachama wote wawili kwa mchango mmoja, kila mtu na kura yake. Kwamba msaada wa matanga upewe mume au mke aliyebaki, na kama hayupo, watoto, kabla ya ndugu yeyote. Kwamba mwenye wake zaidi ya mmoja aandike nyumba zote, na msaada ugawanywe kwa nyumba. Kwamba stakabadhi ya kila mchango iandikwe kwa jina la yule aliyeutoa, ili siku ya ushahidi ikifika karatasi iwepo. Na kwamba Halmashauri imwalike mara moja kwa mwaka wakili au ofisa wa ardhi, awaeleze wanachama namna ya kuongeza jina katika hati na namna ya kuandika wosia.

Juu ya hati za mashamba chama hakiwezi kumlazimisha mtu, wala sitaki kilazimishe. Hilo kila mmoja atalizungumza na mwenziwe nyumbani, ikiwezekana kabla ya mwezi wa bonasi.

Fomu mpya ziko mezani kwa Mhazini, zimepigwa chapa za kutosha ikiwa pendekezo litapita. Zina nafasi ya jina la mume, jina la mke au wake, namba za vitambulisho, namba za simu za wote, na mahali pa sahihi mbili au dole gumba mawili. Asiyejua kuandika ataandikiwa, na mkewe awe karibu anapoandikiwa, asikie kilichoandikwa.